Maneno ya Wazee, Herufi za Watoto

Vijana wangu wa maktaba, ujumbe wenu nimeupata. Mnasema mnaandaa vitabu vya likizo ya Juni, na mmenitumia jedwali nilijaze kwa simu. Upande mmoja mmeweka umri: miaka sita mpaka tisa, kumi mpaka kumi na tatu, sekondari, watu wazima. Upande wa pili aina: hadithi, upelelezi, sayansi, mashairi, kilimo. Jedwali ni zuri. Nimelitazama kwa miwani na bila miwani, nimekwenda kumwagilia mchicha, nimerudi, na bado sijaandika hata neno moja.

Nitalijaza, msiwe na wasiwasi. Ila kwanza nisikilizeni kidogo. Nimekaa nyuma ya kaunta ya maktaba ndogo pale Same mjini tangu kiuno changu kikiwa chembamba mpaka siku waliponiaga kwa keki na saa ya ukutani. Na jedwali kama hilo lenu nililitengeneza mimi mwenyewe nilipoanza kazi, kwa rula na kalamu za rangi, nikalibandika mlangoni.

Mkuu wangu wakati huo alikuwa Mzee Zefania, mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kupuliza kitabu vumbi hata kama hakina vumbi. Alisimama mbele ya jedwali langu kwa muda, mikono mgongoni.

"Huyu wa miaka kumi unamjua?" akaniuliza.

"Yupi, mzee?"

"Huyu uliyemwandikia hapa. Wa miaka kumi."

Nikacheka, nikidhani anatania. Akaingia ndani, akaendelea kupuliza vitabu.

Basi nianze na wale ambao nilikuja kuwajua.

Wadogo, wa darasa la kwanza mpaka la tatu, msiwape kitabu peke yake. Wapeni kitabu pamoja na mtu. Mtoto wa umri huo nilikuwa namuuliza, "Nani atakusomea?" Akisema bibi, natafuta chenye wanyama wanaoongea, maana bibi zetu wa milimani wanapenda kuigiza sauti ya fisi. Akisema dada, natafuta kifupi, kwa sababu dada ana vyombo vya kuosha. Akisema hana mtu, namkalisha kwenye benchi la dirishani, namsomea kurasa mbili za mwanzo, ili aondoke nazo kichwani na hamu ya kujua kilichofuata.

Wa darasa la nne mpaka la saba, mwambie afungue katikati ya kitabu, asome ukurasa mmoja kwa sauti ya chini. Akikwama mara tano, kirudishe rafuni bila maneno mengi, umpe kingine. Asipokwama hata kidogo, mwongezee kizito. Halafu muulize likizo anakwenda wapi. Anayepanda milimani Gonja kwa babu yake atatumwa kuni, atatumwa maji, atatumwa majani ya ng'ombe. Huyo anahitaji sura fupifupi, amalize moja kati ya kutumwa na kutumwa. Anayeshuka bondeni Maore kufukuza ndege kwenye mpunga atakaa juu ya kichanja siku nzima. Huyo mpe kinene, cha upelelezi, chenye watu wengi wa kushukiwa.

Ila mwonyeni. Kuna msichana nilimwazima kitabu kizuri sana cha upelelezi, na ndege wakala mpunga wa shangazi yake wakati yeye yuko sura ya tisa. Shangazi akapanda basi akaja mpaka kaunta. Nilipomwona nikajiandaa kugombezwa. Akainama, akaninong'oneza, "Yule mtoto amekirudisha kabla sijamaliza. Hebu niambie, ni nani aliyemuua yule mfanyabiashara?"

Wa sekondari wanataka hadithi za mapenzi na hawataki mjue kwamba wanazitaka. Msiwaulize mbele ya wenzao. Mimi vitabu hivyo nilivipanga rafu ya nyuma, jirani na jiografia. Miaka yangu yote sikuona somo lililopendwa na vijana kama jiografia.

Sayansi ni nyuki, nyoka na nyota. Vingine vitafuata vyenyewe. Mashairi wapeni wanaotembea kwa miguu, maana shairi moja la kukariri linamtosha mtu mteremko mzima mpaka barabara kuu. Na vitabu vyote vivisheni karatasi ngumu za kalenda ya mwaka uliopita. Mbuzi wetu wanakula riwaya, wanakula kamusi, lakini kalenda wanaitema. Hilo nimelishuhudia.

Sasa imebaki sehemu moja ya jedwali lenu, "watu wazima." Hapo ndipo nilipokosea, na hapo naomba mkae nami kidogo zaidi.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla shule hazijafungwa, na maktaba ilijaa wanafunzi. Akaingia mzee mmoja aliyevaa shati safi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, kofia mkononi. Viganja vyake vilikuwa na makovu madogo madogo ya miiba, kama walionayo watu waliokata mkonge ujanani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema anataka kujiunga na maktaba. Nikamsogezea fomu.

"Niandikie, mwanangu. Nimesahau miwani nyumbani."

Nikamwandikia. Jina, Eliamani. Kazi, mkulima. Makazi, Maore. Nikamuuliza anataka kitabu gani.

"Cha mjukuu."

"Mjukuu ana umri gani?"

Hilo lilikuwa swali la jedwali langu, na nililiuliza kwa fahari. Mzee akasita. "Yuko darasa la sita."

Nikamletea cha darasa la sita. Akakifungua, akakitazama sana, akauliza kama kuna chenye herufi kubwa kuliko hicho. Nikaleta cha darasa la nne. Akaomba kubwa zaidi. Mwisho nikamletea kitabu cha bata na mama yake, picha ukurasa mzima na maneno mawili chini. Mzee akakishika kwa mikono miwili. Midomo yake ikawa inacheza taratibu. Nikaona uso wake umefunguka kidogo.

Na mimi, kwa nia njema kabisa, nikasema kwa sauti yangu ya kaunta, "Mzee, hicho ni cha darasa la kwanza. Mtu wa darasa la sita akionekana nacho watamcheka."

Wanafunzi waliokuwa karibu wakacheka. Walikuwa wanamcheka huyo mjukuu, lakini mzee angejuaje? Akakiweka kitabu kwenye kaunta, akakinyoosha kwa vidole kikawa sawa na ukingo wa meza. Akavaa kofia.

"Asante, mwanangu," akasema, akatoka. Hata kadi yake hakungoja.

Mzee Zefania alikuwa nyuma ya rafu akipaka gundi mgongo wa kitabu. Alingoja mpaka jioni, tulipokuwa tunafunga madirisha.

"Yule mzee wa miwani," alisema. "Ulimwona pua?"

"Pua ina nini?"

"Anayevaa miwani ana vijishimo viwili hapa." Akagusa pande mbili za pua yake mwenyewe. "Yule hana. Hajawahi kuwa na miwani ya kusahau."

Nikakaa kwenye benchi la watoto. Nikayaona yote upya: herufi kubwa, kubwa zaidi, midomo ikicheza. Kitabu kilikuwa chake. Alikuwa amesafiri na shati lake zuri kutoka Maore, akapata neno moja la kusoma, nami nikamwambia watu watamcheka.

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Fomu yake unayo," alisema Mzee Zefania. "Na Jumamosi hufanyi kazi."

Jumamosi nikapanda basi. Kutoka Same mpaka Kisiwani nilikuwa natunga maneno ya kuomba radhi, na kutoka Kisiwani nikayafuta yote nikaanza upya. Nilipoteremka Maore nilikuwa sina hata moja. Nikaulizia, nikaelekezwa, nikafika kwenye nyumba ya matofali yenye kibaraza. Pale kibarazani alikaa mama mmoja akichambua maharage. Hakuwa anayatazama. Vidole vyake vilikuwa vinapita kwenye ungo, vinapata kijiwe, vinakitupa, vinaendelea.

"Hodi hapa."

"Karibu. Nani wewe? Sauti yako siijui."

"Natoka maktaba ya Same, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Maktaba?" Alilitamka neno hilo kama mtu aliyetajiwa kwao alikozaliwa. "Njoo ukae hapa karibu. Eliamani yuko mpungani, atakuja kula."

Jina lake lilikuwa Nakundwa, ambalo kwa Chasu, lugha ya Wapare, ni mtu aliyependwa. Aliniambia maisha yake yote amekuwa mwazimaji wa vitabu. Aliazima kwa walimu, kwa mke wa mchungaji, kwa wauguzi wa Gonja. Alimsomea mumewe kwa sauti wakipukuchua mahindi, alimsomea juu ya kichanja wakifukuza ndege. Halafu macho yakaanza kufifia, na daktari akawaambia hayatarudi.

"Kwanza ziliondoka herufi ndogo," alisema. "Kisha zikaondoka kubwa. Huu ni mwaka wa pili sijasoma kitu. Biblia sehemu kubwa ninayo kichwani, nyimbo ninazo. Kinachonitesa ni hadithi mpya. Hainifikii tena."

"Mzee hawezi kukusomea?"

Swali lilinitoka kabla sijaling'ata. Vidole vyake vikasimama kwenye ungo. Akageuza uso kuelekea mpungani, akasikiliza, akashusha sauti.

"Mwanangu, Eliamani hajui kusoma. Na yeye hajui kwamba mimi najua."

Nikainama karibu naye.

"Jumapili ya kwanza baada ya harusi tulikaa pamoja kanisani. Akafungua kitabu cha nyimbo, kichwa chini, miguu juu. Akaimba beti zote bila kukosea. Nikasema moyoni, mume wangu ana sauti nzuri na ana aibu. Tuliporudi nyumbani nikamwambia mimi nikisoma kimya kichwa kinaniuma, lazima nisome kwa sauti. Ndiyo hivyo mpaka macho yalipokwisha."

"Na hamkuwahi kulizungumza?"

"Tuzungumze nini? Alikuwa anafurahi. Mimi pia nilikuwa nafurahi." Akaanza tena kuchambua, sasa anatabasamu. "Ila kuna jambo siku hizi. Kila alasiri anakwenda nyuma ya zizi na kipande cha gazeti. Namsikia. Ba, be, bi. Kuku wetu sasa wanaweza kufanya mtihani. Usimwambie kwamba nimekuambia."

Mzee Eliamani akatokea uani na jembe begani. Aliponiona alisimama palepale, uso umekaza. Nikamwahi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuletea kadi yako ya maktaba. Siku ile uliondoka bila kuichukua."

Akaitazama kadi mkononi mwangu, akamtazama mkewe, akanitazama mimi. Akaelewa kwamba sikusema kitu. Akateremsha jembe. Tukala makande, tukazungumza habari za mvua na za barabara, na nilipoaga akasema atanisindikiza.

Njiani nikamwambia, "Mzee, siku ile nilikukosea."

Akaendelea kutembea, macho njiani. "Watoto walicheka," alisema.

"Walicheka, na mimi ndiye niliyewachekesha. Nisamehe."

"Nilifika stendi nikasema mahali pale sirudi tena. Nikapanda basi. Tukafika mahali pana kibao, nikakitazama, nikasoma: Ki-si-wa-ni. Mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Nikageuka huku na huku." Akavua kofia, akajifuta jasho. "Sikuwa na mtu wa kumwambia."

Hapo nililia, vijana wangu, na mzee akajifanya anaangalia mfereji wa maji mpaka nilipomaliza.

"Sasa sikiliza ninachotaka," akasema. "Hadithi ya bata siwezi kumsomea Nakundwa. Mwanamke yule amenisomea mapenzi, vita, kesi za mahakamani, watu wanaachana na kurudiana. Mimi nikae mbele yake nimwambie bata ana mama? Nataka kitabu chenye maneno ya wazee na herufi za watoto."

Kitabu hicho tulikitafuta, mimi na Mzee Zefania, rafu zote. Hakikuwepo. Kulikuwa na vijitabu vya elimu ya watu wazima, herufi kubwa, sentensi fupi, vyote vinahusu mahindi, kunawa mikono na samadi. Nikamtumia cha samadi. Wiki iliyofuata akaja nacho mwenyewe.

"Nimemsomea," alisema.

"Umemsomea mama?"

"Nilimwambia, kaa, nisikilize. Ukurasa wa kwanza ulinichukua muda mrefu, chai ikapoa. Nilipoinua macho nikakuta analia." Akacheka kwa aibu. "Mke wangu amelilia samadi. Halafu alipomaliza kulia akaniuliza kama hao watu wa kwenye kitabu wanapendana, au wanalima tu."

Nikamweleza Mzee Zefania. Akaniambia, "Andika."

"Mimi si mwandishi, mzee."

"Wewe ni mkutubi. Msomaji ametaka kitabu, kitabu hakipo. Hiyo si kazi yako?"

Nikaandika. Nilitunga habari za mama mmoja muuza samaki pale kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu na dereva wa lori aliyekuwa akija kuchukua mzigo. Niliandika kwa makapeni, zile kalamu za wino mnene, kwenye karatasi kubwa, herufi kama vidole, kurasa nne kwa wiki. Mzee Zefania akazishona kwa uzi wa magunia. Eliamani akawa anakuja kila Alhamisi kuchukua sura mpya, na kila alipokuja alileta maoni ya mkewe, amesimama wima kama anatoa ushahidi.

"Nakundwa anasema yule dereva haaminiki."

"Amefanya nini?"

"Shati lake ni safi mno kwa mtu wa lori."

Sura iliyofuata nikampaka grisi. Wiki nyingine akasema, "Anasema huyo mama wa samaki analia mapema mno. Angoje kidogo, na samaki wauzwe kwanza." Nikarekebisha. Wiki nyingine: "Anasema wewe hujawahi kukaanga samaki." Hilo lilikuwa kweli.

Nawaambia siri moja ya kazi, maana Eliamani mwenyewe hakuitambua wakati ule. Kila sura nilipunguza herufi kidogo. Mwanzoni ukurasa ulibeba mistari mitano. Dereva alipompeleka yule mama kwao kumtambulisha, ukurasa ulikuwa na mistari ishirini, na Eliamani alikuwa anaisoma amesimama kaunta, akicheka kabla hajanunua hata tiketi ya kurudi. Shule zilipofunga Desemba akazunguka nyuma, karibu na jiografia, akarudi na riwaya ya dukani, herufi za kawaida, akaiweka mbele yangu.

"Hiki," alisema. "Cha kwangu na Nakundwa."

Niligonga mhuri mara mbili. Wa kwanza ulikwenda pembeni.

Miaka ikapita. Mzee Zefania akastaafu, mimi nikakaa kwenye kiti chake. Nakundwa akawa haoni kabisa, hata jua. Vitabu viliendelea kwenda Maore na kurudi, na mimi nilikuwa nachagua mwenyewe, nikijua anachopenda: watu wazima, ndoa, shamba, ugomvi kidogo, mahakama ikiwezekana.

Jumapili moja, baada ya ibada, nikashuka kuwasalimia. Wiki hiyo nilikuwa nimewapelekea riwaya niliyoisoma nikiwa msichana. Nilikumbuka harusi yake tamu na shamba la kahawa, nikaituma bila kuifungua tena. Nilipofika, Eliamani alikuwa kibarazani akisoma, Nakundwa kando yake amekunja mikono, na majirani wawili wanapukuchua mahindi huku wanasikiliza. Nilionyeshwa kiti kwa ishara. Mzee alisoma vizuri. Aliposoma maneno ya mwanamke sauti yake ililainika, na aliposoma ya hakimu alikaza shingo.

Nikasikiliza kwa raha kurasa mbili, tatu. Kisha nikakumbuka kitabu kile kinavyoisha.

Mke katika riwaya ile anaugua. Mumewe yuko mbali, kazini. Anapofikiwa na habari na kurudi, anakuta mlango umefungwa na majirani wamekaa kimya uani. Ndiyo mwisho. Nami nilimtumia Nakundwa kitabu hicho, mwanamke aliyekuwa akizidi kukonda mwaka ule, ambaye Eliamani hakuwa akimwacha peke yake hata kwenda sokoni.

Nilitaka kukohoa. Nilitaka kuomba maji, kuangusha kiti, kitu chochote. Nikabaki nimekaa.

Eliamani akafika ukurasa wa mwisho kasoro mmoja, akanyamaza. Niliona macho yake yanashuka mstari kwa mstari, na midomo imetulia. Yakafika chini. Akafunua, akautazama ukurasa wa mwisho wote, akarudi.

"Umekwama?" Nakundwa akauliza.

"Herufi hapa zimefifia kidogo," alisema. "Subiri."

Akaendelea. Sauti ilikuwa ileile, wala haikuharakisha. Akasoma kwamba mume alipata habari akiwa bado stendi, akageuza safari. Kwamba alifika mchana, akamkuta mkewe amekaa mlangoni anachambua mchele, mke akamwuliza mbona umerudi mapema, naye akajibu kwamba alisahau kofia. Kwamba waliweka chai jikoni. Kwamba mvua ikanyesha juu ya kahawa yao, nao wakakaa wanaisikiliza. Akafunua karatasi mahali palipostahili kufunuliwa. Akasoma mistari mingine michache ya mvua, akafunga kitabu.

Majirani wakasema hadithi nzuri. Nakundwa akanyoosha mkono, akaupata mkono wa mumewe.

"Kimeisha vizuri," alisema.

Eliamani akanisindikiza barabarani. Nilianza kusema nilisahau, nilikosa, nilipaswa kukisoma upya kabla ya kukituma. Akanikatiza kwa upole.

"Mwandishi yule alikuwa amechoka pale mwisho," alisema. "Nimemsaidia."

Alhamisi akaja maktaba kurudisha kitabu. Akakiweka kaunta, akakaa kidogo akizungusha kofia mikononi, kama mtu mwenye ujumbe na hajui aufikishe vipi.

"Nakundwa anataka kingine," alisema. "Cha mwandishi yuleyule."

Nikatazama jalada. "Huyu ana vingine viwili, viko pale nyuma. Nikuletee?"

"Hapana." Akainamisha macho, na niliona anajizuia kutabasamu. "Amesema si huyo wa kwenye jalada. Anataka cha yule aliyeandika ukurasa wa mwisho."

Rafuni hakikuwepo. Nikafungua droo, nikampa daftari jipya na kalamu, nikagonga mhuri wa tarehe ya kurudisha.